Fomu ya Kosa

Mara ya kwanza Tusekile Mwaipopo kumwona Nyangeta Masatu, yule mama alikuwa amesimama mbele ya watu mia moja na arobaini, anakataa kujitukana.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ukumbini kwenye Kituo cha Afya cha Ufukoni, katika kile ambacho Idara ya Mwenendo wa Afya ilikiita Darasa la Ungamo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya wagonjwa wa mapafu. Mgonjwa aliitwa jina, akapanda jukwaani, akanyoosha mkono wa kushoto chini ya kamera, na taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka chini ya ngozi yake ikaonekana kwenye skrini pana kuliko mlango. Kisha akasoma maneno yaliyowekwa mbele yake: "Mimi fulani nimeuharibu mwili wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nimevuta sigara. Sikulazimishwa na mtu. Naomba mnihurumie." Akabonyeza dole gumba kwenye kioo, watu wakapiga makofi, jina lake likaingia kwenye foleni ya matibabu. Asiyeungama hakuwa na foleni.

Tusekile alikuwa nyuma ya ukumbi na kamera yake. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mtunzi wa maneno wa Idara, na kila onyo lililosemwa na kuta za mji, vituo vya mabasi na mikono ya watu lilitoka kichwani mwake. Hata lile ungamo alilitunga yeye, miaka mitatu nyuma, asubuhi moja tu, na kikombe cha chai ya maziwa pembeni. Alilipenda. Aliona lina mizani.

"Mimi, Nyangeta Masatu," yule mama akasoma, halafu akanyamaza.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mabega yamemkonda, na kila baada ya maneno matatu manne ilimbidi asimame atafute pumzi. Mwelimishaji aliyeendesha darasa akamhimiza aendelee. Akajibu, kwa adabu kabisa, kwamba yaliyobaki hawezi kuyasoma kwa sababu hajavuta sigara hata siku moja tangu azaliwe. Mwelimishaji akatabasamu, akawageukia watu na kuwauliza Shahidi anasemaje. Ukumbi mzima ukaitikia kama watoto wa darasa la kwanza kwamba Shahidi hasemi uongo.

Shahidi ilikuwa punje ndogo kama ya mchele, iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kila mkazi aliyetimiza miaka saba. Kazi yake kuonja damu mchana na usiku: sukari, chumvi, mafuta, pombe, moshi. Mambo yakiwa sawa iliwaka kijani, yakianza kuharibika njano, na yakiharibika nyekundu. Hapo ndipo fomu ilipojifungua yenyewe kwenye mtambo wa kituo cha afya cha mtaa wako. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo Tusekile alilijua na ukumbi ule haukulijua. Mtu wa Ufukoni akiwaka nyekundu, ilifunguka Fomu ya Kosa: umekosa nini, tangu lini, nani alikuuzia. Mtu wa kule Mlimani, kwenye nyumba za bustani na vipoza hewa, akiwaka nyekundu ileile, ilifunguka Fomu ya Sababu: una msongo wa kazi, umefiwa, hulali vizuri, tukusaidieje. Zote mbili alizitunga Tusekile, wiki moja. Aliambiwa watu wa Mlimani hawapendi kukaripiwa, naye akaona ni sawa tu, maana hata yeye alikuwa anakaa Mlimani na hapendi kukaripiwa.

Mwelimishaji akamwamuru Nyangeta ashuke. Watu wakazomea kidogo, si kwa chuki, bali kwa sababu alikuwa anawachelewesha.

Nje, binti yake Nyangeta, Wegesa, alimfuata Tusekile mpaka kwenye gari la Idara na kumshika mkono wa gauni. Alimweleza mambo haraka haraka, akihofia gari litaondoka. Mapafu ya mama yake yalikuwa tayari. Yalioteshwa kwa miezi tisa kwenye kitalu cha viungo, ghorofa ya juu ya hospitali ya mji, kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, na tangu jana yalishatolewa kwenye maji yake. Yangekaa hai mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo yanachomwa. Hayamfai mtu mwingine yeyote duniani, kwa hiyo hakuna hata wa kumpa. Kilichokosekana ni dole gumba.

"Dada, wewe ni mtu wa maneno," Wegesa alisema. "Nenda ukamwambie mama yangu aseme uongo. Sisi amekataa kutusikia."

*

Jumanne saa tatu asubuhi Tusekile alishuka Ufukoni, kwenye matanuri ya kubanikia samaki. Alikuwa na hotuba yake tayari kichwani, nzuri, yenye mifano. Hakupata nafasi ya kuitoa. Nyangeta alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri la udongo, anabanika sangara, na alimwonyesha kigoda cha pili bila kugeuza uso. Akamwambia kazi haisubiri mgeni, kama ana neno akae alisemee hapo hapo.

Basi akakaa. Samaki walipangwa kwenye wavu wa chuma, tabaka juu ya tabaka, na chini yao zilisukumwa kuni mbichi za mgunga. Tusekile akauliza kwa nini wasitumie kuni kavu, zisizotoa moshi mwingi. Wanawake wa matanuri ya jirani wakacheka mpaka mmoja akaweka chini bakuli lake. Nyangeta akamfafanulia polepole, kwa vipande, kadiri pumzi ilivyomruhusu: kwamba katika kazi hii moshi ndiyo mali, moto ni hasara. Moto ukiruka, samaki anaungua. Kwa hiyo lazima mtu akae mdomoni mwa tanuri, macho chini, tangu alfajiri mpaka jioni, aulinde moshi usigeuke moto.

"Miaka thelathini na minne," alisema. "Nimekaa hapa. Ulipokaa wewe."

Saa sita Tusekile alikuwa analia machozi bila huzuni yoyote. Saa nane mkono wake ukawaka njano. Alidhani ni mwanga wa jua, akaufunika kwa kiganja. Saa tisa na robo ukawaka nyekundu, na ile punje ikasema kwa sauti ya upole, sauti ya msichana waliyemchagua baada ya majaribio mengi:

"Ndugu mvutaji, kila sigara ni jembe. Unajichimbia mwenyewe."

Yalikuwa maneno yake. Aliyatunga kwa ajili ya msimu wa kiangazi. Wanawake wakacheka tena, na Nyangeta akacheka nao mpaka kikohozi kikamkamata, akakohoa kwa muda mrefu akiwa ameinama, na alipofuta mdomo kitambaa kikabaki na doa jeusi. Tusekile hakujua aangalie wapi. Alijisikia mjinga, halafu akajisikia vibaya zaidi ya mjinga.

Akamwuliza, basi, kwa nini asisaini tu aishi. Wenzake wote wa ufukwe wamesaini. Nyangeta akaitikia kwamba ndiyo, wamesaini, mia nne na zaidi, naye hawalaumu, kila mtu na roho yake. Lakini yeye alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa matanuri kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka waliiandikia Idara kuomba madohani, mabomba marefu ya kuupeleka moshi juu ya vichwa vyao baada ya kupita kwa samaki. Na miaka hii mitatu Idara imejibu barua ileile. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba maradhi ya mapafu Ufukoni yanatokana na uvutaji wa sigara, kama walivyokiri wagonjwa wenyewe.

"Kila aliyesaini amepona," Nyangeta alisema. "Halafu ametuzibia dohani. Sasa na mwenyekiti asaini? Huyu Wegesa anabanika. Na mkwe wangu anabanika. Nitapona mimi, nije kuwazika wao?"

Alivuta pumzi kidogo, akasukuma gogo ndani.

"Mwanangu, ulishamwona mwanamke wa Kijita wa rika langu ana sigara mdomoni? Mmoja tu. Mtaje."

Tusekile aliinuka kwenye kigoda. Alipanda kurudi Mlimani kwa miguu, mkono ukimsema njia nzima, na watu waliopishana naye wakimtazama kwanza mkono, kisha uso, kwa ile dharau ya upole ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Hasira ilimpanda mpaka meno yakamuuma. Kwanza ilikuwa juu yao. Alipofika kwenye malango ya bustani ilikuwa imeshahamia juu yake.

*

Daktari Elinami Mcharo, mkurugenzi wa Idara, alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kucheka na wafanyakazi wake na kukumbuka majina ya watoto wao. Jumatano alipoonyeshwa mkono mwekundu wa Tusekile alipiga ulimi kwa huruma, akafungua Fomu ya Sababu kwenye meza yake, akaandika "kazi za nje ya ofisi," akabonyeza. Haikupita dakika, punje ikarudi kijani.

"Haya, pole sana," alisema. "Ungekuja jana hiyo hiyo."

Tusekile akautazama mkono wake. Mapafu yake yalikuwa yaleyale, moshi uleule bado umemkaa kooni, nguo zake bado zinanuka sangara. Kilichomtofautisha na Nyangeta ni anakolala tu. Akamwomba mkurugenzi amfungulie na Nyangeta Masatu fomu hiyo hiyo. Au, kama ni shida, waongeze safu moja tu kwenye Fomu ya Kosa: moshi wa kazi. Maneno matatu. Angeyaandika yeye hapo hapo.

Mcharo akavua miwani. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mgeni kanuni za nyumba. Kwamba walipoitengeneza Shahidi waliijaribu kwa watu mia mbili wa kujitolea, na katika hao moshi kwenye damu ulimaanisha sigara, basi. Tusekile akauliza hao mia mbili walitoka wapi. Walitoka Mlimani, naam, kwani wengine wangepata wapi muda wa kujitolea? Kwamba tangu hapo kila ungamo lililosainiwa lilirudishwa kwenye mtambo uendelee kujifunza, na mtambo sasa ulikuwa na hakika asilimia tisini na tisa. Ukiongeza hiyo safu leo, miaka mitatu ya kumbukumbu inakuwa takataka, na wagonjwa elfu nne watauliza waliungama nini.

"Hata kama ni kweli," Tusekile alisema, "hawa watu mmewatia uongo mdomoni, halafu mnautumia kama ushahidi."

"Mmewatia?" Mcharo akasema. "Nani aliyeyaandika hayo maneno?"

Akamwacha ayameze. Kisha akaendelea kwamba yeye amefanya kazi Ufukoni miaka mingi, anawajua wale watu. Ukiwapa sababu, wanaifanya kisingizio. Mtu aliyesoma ukimweleza anajirekebisha, lakini wale lazima waone haya kwanza. Aibu ndiyo dawa pekee isiyohitaji jokofu. Alisema hivyo bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomkera Tusekile kuliko yote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, lakini huyu alikuwa na shibe na bado anampimia mwenye njaa tonge, anamhesabia na dhambi.

Mwishowe Mcharo akatangaza kwamba Ijumaa atakwenda Ufukoni yeye mwenyewe. Mkaidi akiungama mbele ya mkurugenzi, huo ni mfano mzuri kwa mji mzima, na alitaka uonyeshwe moja kwa moja kwenye skrini zote, sokoni, bandarini, hospitalini, hata Mlimani. Kazi ya Tusekile ni kuhakikisha yule mama anasaini. Asiposaini, basi atakuwa amejiua kwa kiburi chake, na huo nao ni mfano.

*

Ijumaa saa nane na nusu ukumbi ulikuwa umejaa. Wale mia moja na arobaini wa Jumatatu waliitwa warudi washuhudie. Mcharo alikaa mstari wa mbele na shati jeupe, mkono wake wa kijani juu ya goti. Tusekile alikuwa kwenye meza ya matangazo, kidole karibu na kitufe cha kurusha na kukata. Usiku kucha alikuwa amejaribu kutunga neno la kumwambia Nyangeta, na kila alilolitunga lilikuwa na mizani, na kila moja alilifuta. Saa mbili asubuhi alikwenda kwake akamwambia bila mapambo: fomu haitabadilika, nimeomba nimekataliwa, na yale mapafu watayachoma kweli. Nyangeta alimshukuru kwa kutomdanganya, akamwomba aondoke amwache afikiri.

Sasa alipanda jukwaani kwa kushikiliwa na Wegesa. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Mwelimishaji akamweka mbele ya maandishi, skrini za mji mzima zikawaka, na Nyangeta akawatazama watu.

"Nitasaini," alisema.

Wegesa akaanza kulia. Makofi yakalipuka, na Mcharo alikuwa wa kwanza kusimama. Nyangeta akainua kiganja mpaka wakatulia.

"Ila siwezi kusaini uongo. Hapo pameandikwa nimevuta sigara. Basi nileteeni sigara nivute. Kisha nitasaini."

Mwelimishaji akamtazama mkurugenzi. Muuguzi aliyekuwa kando ya jukwaa akasema haiwezekani, mapafu yake hayataweza.

"Haya si ndiyo mnakwenda kuyatoa leo?" Nyangeta akamwuliza. "Mnayaonea huruma ya nini?"

Baadhi ya watu wakacheka. Tusekile akavuta kipaza sauti. Aliuliza jambo dogo tu: katika wagonjwa wote waliomo humu, ambao wote walikiri uvutaji mbele ya kamera hii, nani ana sigara ampe mwenzake?

Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu waligeukiana. Mzee mmoja akapapasa mifuko yake kwa mazoea ya kutii, akatoa leso na ufunguo. Mlinzi akatumwa madukani, akaenda akarudi jasho linamtoka, akaeleza mbele ya kipaza sauti kwamba maduka manne yote ya Ufukoni hayauzi sigara, wanasema hazina wateja. Tusekile aliwaona watu wakianza kuhesabu vichwani mwao. Mia moja na arobaini. Hata moja.

Mcharo alikuwa anampungia mkono akate matangazo. Alipunga mara ya kwanza kwa kificho, mara ya pili waziwazi. Tusekile alimwona vizuri kabisa. Alijua kwamba akiacha kidole chake pale kilipo, kesho hana kazi, na kwamba mbele ya hao watu hatapata pa kujificha, maana maneno yalikuwa yake. Akaondoa kidole kwenye meza, akaiweka mikono yote miwili mapajani.

Ndipo dereva wa mkurugenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na aliyetaka tu kusaidia mambo yaishe kabla ya saa kumi, akaja mbio kutoka nje na pakiti mkononi.

"Daktari, zile zako zilikuwa kwenye gari," alisema. "Nimechukua pakiti iliyofunguliwa."

Ukumbi haukucheka. Watu waliutazama mkono wa mkurugenzi juu ya lile goti, na skrini, ambayo kamera yake ilifuata penye sauti, ikauonyesha ukiwa mkubwa kama mlango, kijani kibichi. Mcharo akaufunika kwa mkono mwingine. Alifungua kinywa kusema neno, pengine sababu, lakini hapakuwa na aliyemsikiliza.

Nyangeta alikuwa ameshapewa sigara. Aliigeuza geuza, akaipachika mdomoni kinyume, upande wa kuwasha ukiwa ndani, na kuinamia kiberiti cha dereva. Dereva, kwa aibu, akaitoa akamgeuzia. Kila mtu aliona. Kule sokoni waliona, na Mlimani waliona. Akavuta mara moja, akakohoa mpaka Wegesa akamkumbatia asianguke, na alipopata pumzi akakanyaga kile kipande kwa kandambili yake, akasoma ungamo kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye "sikulazimishwa na mtu" alisimama, akamtazama Mcharo, na kuruka mstari ule. Kisha akaweka dole gumba.

Lilikuwa limebaki swali moja ambalo fomu haiwezi kufungwa bila jibu lake. Mwelimishaji alikuwa ameshaondoka jukwaani, kwa hiyo Tusekile alikwenda kuliuliza mwenyewe. Kwenye mlango wa nyuma wauguzi walikuwa tayari na kitanda cha magurudumu.

"Mama, wanauliza umevuta tangu lini."

Nyangeta akatazama saa ya ukutani.

"Andika leo," alisema. "Saa tisa na dakika arobaini."

Tusekile akaandika hivyo hivyo. Mtambo ukafikiri kidogo, ukakubali, na kitanda kikaondoka.